Mvua Yenye Pilipili

Mmeniuliza nyote, mmoja mmoja na kwa kundi, ni nini kilinipata huko chini ya Kongelai hata nikarudi nimepungua maneno. Nikianza kusimulia kwa mdomo, Mama Rukia ananikatiza, na Saumu anacheka kabla hatujafika panapochekesha. Kwa hivyo nimeandika. Someni mpaka mwisho, mcheke mara moja, tumalizane.

Kwanza niseme kazi yangu, kwa sababu najua baadhi yenu mmeishi nami mtaa mmoja nyuma ya msikiti miaka yote hii mkiamini nauza dawa ya kusafisha vyoo. Mimi ni mpimaji wa maji. Nina meza katika maabara ndogo hapa Bungoma, watu huniletea maji, nami nawaambia yana nini ndani. Huo ndio ujuzi wangu wote. Kupika najua kidogo. Kula ndiko ninakojua sana, na hilo mtaliona.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kuchukua mvua. Chini ya mteremko wa Kongelai, upande wa Pokot, kuna kijiji kiitwacho Kamorwo. Ni nchi ya vumbi na miiba, na kijiji kizima kinategemea kisima kimoja. Wafadhili fulani walikuwa tayari kuwawekea pampu ya jua ili walime vitunguu, ila walitaka kujua kwanza: maji ya kisima yakivutwa, ardhi hurudishiwa kiasi gani mvua inaponyesha? Kama ni mengi, pampu iwekwe. Kama ni kidogo, pampu itakinyonya kisima mpaka kikauke, na wanawake wa Kamorwo watarudi kuchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji ya kunywa, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na mchana mzima kurudi.

Namna ya kujua si uchawi. Mvua hushuka na chumvi kidogo sana ndani yake, chumvi isiyoonjeka. Ikishafika chini, jua huchukua maji na kuiacha chumvi, jinsi mchuzi uliosahauliwa jikoni unavyozidi kukolea kadiri unavyokauka. Maji yanayobaki huzama na chumvi yote. Basi unapima chumvi ya mvua, unapima ya kisima, unalinganisha. Kisima kikiwa kimekolea kuliko mvua mara nyingi, ujue jua limekula karibu mvua yote. Tofauti ikiwa ndogo, maji mengi yamezama. Shida ni kwamba chumvi ya mvua ni kidogo mno hata jasho la kidole linaweza kuiharibu hesabu. Ndiyo maana mkubwa wangu, Bwana Barasa, hunipa glavu na kunihubiria kabla ya kila safari kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Mimi nilimwona mtu wa kelele tu.

Bungoma hadi Kitale

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya ofisi. Dereva alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Sirisia, mpole, mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kumpita mtu anayemjua. Na anawajua watu wote. Kufika Kamukuywa tulikuwa tumesimama mara sita, tumepokea pole za msiba tusioujua, na tumebebeshwa mkungu wa ndizi wa kumpelekea mtu ambaye, tulipofika kwake, tuliambiwa amehama. Ndizi tulizila wenyewe.

Kiminini mvua ilitushika. Ilikuwa ile mvua ya huku kwetu isiyo na haya, vifuta kioo vinakwenda mbio na bado huoni kitu. Mzee Wafula alisimamisha gari kando, akatazama chupa zangu tupu, akatazama mvua.

"Madam, si tukinge tu hii turudi? Mvua ni mvua."

Nilimpa somo refu. Nilimwambia kwamba mvua ya Kiminini na mvua ya Kamorwo hazina chumvi sawa, kwamba sayansi haina njia ya mkato, kwamba chupa moja ikichukuliwa ovyo kijiji kizima kinaweza kupotezwa. Kumbukeni maneno hayo ya mwisho. Niliyasema kwa sauti na kidole nimekiinua. Mzee Wafula alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini hii iko kalibu."

Kitale tulilala kwa binamu yangu Hadija, ambaye nyumba yake inatazamana na msikiti na jiko lake halizimwi. Asubuhi nilikuta sanduku langu la baridi, lile la kubebea chupa za maji, limejaa chapati na kuku wa kukaanga. Chupa zenyewe zilikuwa zimepangwa kabatini pamoja na glasi za wageni. Zilinukia waridi.

"Zilikuwa na vumbi, dadangu," Hadija akasema. "Nimezisugua na sabuni ile nzuri."

Chupa zile zilikuwa zimeoshwa mara tatu kwa maji yasiyo na kitu. Nilimgombeza mwanamke wa watu ndani ya nyumba yake, mbele ya watoto wake, huku natafuna chapati yake. Bahati nilikuwa na chupa nyingine ndani ya gari. Nilipanda garini nikijiona mtu pekee katika mkoa mzima anayejua maana ya usafi.

Kitale hadi lagani

Ukishapita Makutano ya Kapenguria barabara inaanza kushuka, na ukishuka unahisi mtu amefungua mlango wa tanuri. Mashamba ya mahindi yanakwisha. Inabaki miti ya miiba, mawe, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma kama wanaotaka kukuambia jambo.

Chini ya mteremko tairi lilipasuka. Mimi nilikwenda nyuma ya kichaka kuswali adhuhuri, na niliporudi nilimkuta Mzee Wafula anafunga nati za mwisho, mikononi amevaa glavu zangu. Nilikuwa na jozi tatu tu. Mbili alizivaa moja juu ya nyingine kwa sababu tairi lilikuwa la moto. Ya tatu ameifungia paipu ya injini iliyokuwa ikivuja, na lazima nikiri kwamba iliziba sawasawa.

"Hizi gravu za daktari ni nguvu bana," akaniambia kwa furaha ya mtu aliyepata dawa.

Nikajiambia, si neno, nitanawa mikono nikifika.

Saa nane tukafika kwenye laga, ule mto wa mchanga ambao siku nyingi za mwaka unaweza kuuvuka kwa viatu vya kanisani. Siku hiyo ulikuwa umejaa. Mbinguni hakuna wingu hata moja, na mbele yetu maji ya kahawia yanabeba magogo. Watu walikuwa wameketi ukingoni wakingoja kama mtu anavyongoja ofisa arudi kutoka chakula cha mchana.

"Ni nyinyi wa huko juu," mchungaji mmoja wa ngamia alituambia, bila ugomvi. "Nyinyi imenyesha kwenu, sisi ndio inatufungia njia."

Miongoni mwa waliongoja alikuwa Mama Nanjala wa Saboti, mwanamke mkubwa kama mimi, anayepeleka mahindi mabichi kuuza huko chini. Alipoona laga haina haraka alikusanya kuni, akawasha moto, akaanza kuchoma. Ndimu ziko, pilipili ya unga iko, chumvi iko kwenye kikopo. Jamani, mahindi ya Saboti mnayajua. Nilichovya kipande cha ndimu katika chumvi na pilipili, nikapaka, nikala. Nilikula mahindi matatu. Manne. Mzee Wafula yupo, siwezi kuwadanganya.

"Kula mama, hii njaa ya njia ni mbaya," Mama Nanjala aliniambia, akanigeuzia la tano, nami nikalikataa kwa uchungu.

Nilikuwa nimeipa laga mgongo wakati huo. Mchungaji wa ngamia ndiye aliyenionyesha. Maji yalikuwa yanapungua, na si kwa sababu yalikuwa yanapita, yalikuwa yanazama. Mchanga ulikuwa unayanywa pale pale tukitazama, na mapovu madogo yanapanda. Mimi hulipwa kwa ajili ya jambo hilo. Nimelisoma vitabuni, nimelichorea watu ubaoni, na siku lilipotokea mbele yangu nilikuwa nanyonya gunzi.

Kamorwo

Tulivuka jua likiwa limeanza kuinama. Watu wa Kamorwo walikuwa wametungoja kwenye kisima tangu asubuhi, wazee juu ya vigoda vyao, wanawake wamesimama. Aliyenipokea ni Mama Cheposera, mwenyekiti wa kamati ya kisima, mrefu, wa maneno machache. Mwanzoni mwa msimu ndiye niliyemfundisha kutunza ndoo mbili tulizotega za kukingia mvua. Moja iko karibu na kisima, moja iko juu ya kilima nyuma ya boma lake.

Kabla ya kazi alinipeleka shambani. Nilidhani bado ni porini. Wapi! Miiba imekatwa, mawe yametolewa, na kutoka kisimani mpaka shambani ilikuwa imechimbwa mifereji, kila familia na wake. Pampu haijaja, kipimo hakijatolewa, na watu wameshachimba. Wa kwake ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, umenyooka kama uzi.

"Hii ni yangu," akasema. "Nimechimba peke yangu."

Nikamwuliza kwa nini amefanya haraka.

"Ile kiangazi ilimaliza mbuzi yangu yote. Mimi nataka kitu haitembei kwenda kufa." Akanitazama. "Lakini kama maji ni kidogo, wewe sema. Hii kisima ndio inanywesha watoto. Usituficha."

Niliahidi sitaficha. Hapo ndipo safari ilipopata uzito, na nilihisi uzito huo kweli. Tatizo ni kwamba nilihisi pia mahindi manne.

Kisha wazee wakataka kuelezwa. Nikawaambia kwamba nimekuja kutafuta chumvi ndani ya mvua. Walishauriana kwa Kipokot muda mrefu, wakitikisa vichwa kwa huruma. Mwishowe mzee mmoja mwenye unyoya kichwani akaniuliza kwa upole, kupitia kwa Mama Cheposera, kama nimetoka mbali hivyo kwa ajili ya chumvi, je, sikujua kwamba iko dukani Makutano? Tulipita hapo hapo. Watu walicheka, na mimi nikacheka, na aibu ikanishika kidogo.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mama Cheposera alikwenda ndani ya nyumba, akarudi na kikombe cha bati, maji yamefika nusu. Maji ya mvua, si ya kisima. Walikuwa wameyaweka kwa ajili ya mgeni.

"Osha mikono, daktari."

Mimi si daktari, na sikumsahihisha. Nilikitazama kikombe. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake waliopanga foleni ya mitungi, na mtoto mmoja alikuwa anakitazama kikombe kile jinsi watoto wetu wanavyotazama soda. Nikaona haya. Mimi nimetoka kwenye mvua ya Kiminini inayomwagika barabarani bure, sasa nije ninawe hapa, nimwage chini mbele ya macho yao? Nikajifanya mtu wa heshima.

"La, mama, ayanywe mtoto. Mikono yangu ni safi."

Mtoto akanywa. Mimi nikajiona mwema kupita kiasi.

Nikaenda kwenye ndoo ya kisimani, nikafungua, nikaanza kumimina mvua chupani. Kifuniko cha chupa kiliniteleza, nikakidaka, kidole kikaingia ndani. Nikakifuta na lesso, nikafunga, nikaandika jina juu kwa mwandiko mzuri. Maji ya kisima nayo nikayachukua kwa chupa nyingine. Hayo yamekolea chumvi yenyewe, kidole hakiyatingishi.

Ikabaki ndoo ya kilimani. Nilikitazama kilima, nikatazama ndala zangu. Mama Cheposera akaninyang'anya chupa mkononi, akapanda. Alirudi jua linazama, ameishika chupa chini kabisa kwa vidole viwili, na kifuniko amekizungushia jani.

"Nimesuuza mara tatu na hiyo hiyo mvua, kama ulituambia. Mdomo yake sijagusa."

Nikamshukuru sana, na nilipogeuka nikaandika kwenye karatasi ya chupa yake: *imechukuliwa na mwenyeji*. Katika kazi yetu hayo ni maneno ya adabu ya kusema usiitegemee hii. Jioni walituchinjia mbuzi, tukanywa chai iliyopikwa kwa maji ya kisima, ambayo haihitaji kuongezwa chochote isipokuwa ujasiri.

Kamorwo hadi Bungoma, kwa kupitia kila mahali

Kurudi tulimbeba Mama Nanjala na magunia yake matupu, kwa hivyo kutoka Kitale tulipitia Saboti. Tukishafika Saboti, Mzee Wafula alisema kwamba kutoka hapo kwenda kwao Sirisia ni kama kuvuka uwanja. Si kweli. Tulizunguka chini ya mlima karibu siku nzima, na alisalimia watu mpaka mkono wake ukachoka akawa anasalimia kwa honi.

Sirisia mama yake alitukataza kuondoka. Kikongwe yule alinishika mkono, akanikalisha, akamwambia mwanawe amkamate jogoo.

"Mama, wewe ni Mwisilamu, mimi najua. Hatuwezi kukurisha nyama ya kuchinjwa na sisi. Ngoja mtu wenu aje."

Mtu wetu alikuwa mwenye duka wa pale senta, na mwenye duka alikuwa amekwenda Lwakhakha kununua vitu. Tukangoja. Jogoo alifungwa mguu kwenye kinu, naye akangoja. Ikapita saa moja, zikapita mbili. Kila boda iliyopita tulisimama kuangalia.

"Kuku iko," kikongwe alirudia kunifariji. "Mtu wa kuchinja ndiye hayuko."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwanamke anaruhusiwa kuchinja mwenyewe. Angenipa kisu, na mimi, kama mnavyojua kwa sababu ya ile Idi ya kwa Saumu, naogopa kuku akiwa na kichwa. Basi nikakaa na dini yangu na woga wangu mpaka mwenye duka alipotokea jioni na marobota ya mitumba. Jogoo alikuwa mtamu. Bungoma tukafika siku iliyofuata, siku mbili nyuma ya ahadi. Haikudhuru: maji yakifungwa vizuri, chumvi yake haiendi popote.

Bungoma, mezani kwangu

Kupima chumvi ni kazi ya subira. Unatia maji dawa yakawa manjano, kisha unadondosha dawa nyingine tone moja moja, ukihesabu, mpaka manjano igeuke rangi ya tofali. Matone yakiwa mengi, chumvi ni nyingi. Nilianza na chupa niliyoichukua mwenyewe. Nikadondosha, nikadondosha, nikadondosha. Mvua ya Kamorwo ilikuwa na chumvi ya kushangaza. Nikapima kisima, nikalinganisha. Kwa hesabu hiyo sehemu kubwa ya mvua ilikuwa inazama ardhini. Palikuwa na maji ya pampu, ya vitunguu, na ya kubaki.

Nilichopaswa kufanya ni kumpelekea Bwana Barasa karatasi na kungoja. Lakini ilikuwa siku ya soko, siku pekee katika juma ambayo Mama Cheposera hupanda Makutano na simu yake kushika mtandao. Nilimwona akilini amesimama juu ya mfereji wake. Nilitaka niwe mimi wa kumwambia. Nikapiga.

"Mama, maji ni mengi. Limeni."

Nikasikia kelele za soko nyuma yake.

"Unaapa?" akauliza.

"Naapa," nikasema.

Alasiri Bwana Barasa alisoma karatasi yangu. Aliisoma mara mbili. Akauliza chupa ya pili iko wapi. Nikamwambia ile haina maana, ilichukuliwa na mama mmoja wa huko asiye na mafunzo. Akasema nipime. Nikapima huku nanung'unika. Tone la kwanza, la pili, ikawa tofali. Mvua ile haikuwa na chumvi karibu yoyote.

"Unaona?" nikamwambia. "Hajui kuchukua."

Bwana Barasa alisogea mezani. Aliichukua chupa yangu, akayachuja maji yaliyobaki kwa karatasi nyeupe ya kuchujia, akaipeleka karatasi dirishani. Kisha akaniita. Katikati ya karatasi kulikuwa na vipande vitatu vyekundu, vidogo kama vumbi, na mbegu moja bapa ya manjano.

"Zuhura," akasema polepole, "mvua ya Kamorwo inanyesha na pilipili?"

Nilivijua vile vipande. Karibu nivitaje kwa majina.

"Ulikula nini?" akauliza.

Nikamweleza. Sikuficha hata hindi moja. Nikamweleza glavu, nikamweleza kikombe. Nilipofika kwenye kikombe nililia, na Bwana Barasa, ambaye nilikuwa nimejiandaa kwa kelele zake, alikaa tu akiitazama ile karatasi. Hesabu ya kweli ilikuwa ya chupa ya Mama Cheposera, na ilisema kwamba katika kila ndoo ya mvua inayoanguka Kamorwo, kinachozama hakijazi kikombe. Kisima kinawatosha watu kunywa na mbuzi wachache. Basi.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga mpaka jua likatua. Mpaka siku nyingine ya soko zilibaki siku sita, na fundi wa pampu angekuwa ameshapelekewa habari.

Bungoma hadi Kamorwo, mara ya pili

Safari hii haikuwa na la kusimulia njiani, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee Wafula alimpita shemeji yake pale Kamukuywa amemwinulia mkono tu. Hakuna mvua, hakuna tairi. Kitale sikushuka kwa Hadija. Nilitamani kitu kitucheleweshe, hata msiba wa mtu nisiyemjua, na barabara ikawa nyeupe mpaka chini. Laga ilikuwa kavu, tukaivuka bila hata kupunguza gia.

Pampu haikuwa imefika. Lakini mifereji ilikuwa imerefushwa, na karibu na kisima, chini ya kivuli cha matawi, kulikuwa na kitalu cha vitunguu vimechipua, vyembamba kama nywele. Mama Cheposera alikuwa anavinyunyizia kwa kopo. Aliponiona peke yangu, bila habari na bila mafundi, aliweka kopo chini.

Waliitwa watu wote. Nilisimama mbele yao nikawaambia kwamba nilisema uongo bila kujua, kwamba chumvi niliyoipima haikutoka mbinguni, ilitoka kwenye vidole vyangu, kwa sababu nilikula mahindi na sikunawa. Mama Cheposera alitafsiri neno kwa neno, sauti yake haibadiliki. Yule mzee wa unyoya alifikiri kidogo.

"Kumbe chumvi ulikuja nayo," akasema, na wachache wakacheka, kicheko kifupi kikaisha.

Mama Cheposera hakucheka.

"Na ile chupa yangu?"

"Yako ndiyo ya kweli."

"Inasema nini?"

"Inasema maji ya kunywa yanatosha. Ya vitunguu hayatoshi. Mkivuta kwa pampu, kisima kitakufa, na kurudi kwake kutachukua miaka ambayo watoto hawa hawana."

Hilo hakulitafsiri mara moja. Alikitazama kitalu.

"Uliapa," akaniambia.

"Niliapa."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake aliwageukia watu wake akasema nao kwa muda. Wazee wakaguna, mwanaume mmoja akapiga kelele akatoka, wengine wakabaki. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Ikibaki wazi, mtu ataitia maji usiku," akasema. "Lazima tufunike."

Akaenda mwanzo wa mfereji wake akaanza kurudisha udongo. Niliazima jembe kwa jirani yake, nikavua bui-bui nikabaki na dera, nikaenda kuanzia upande wa pili. Udongo ule ni mgumu, na mimi mikono yangu ni ya kushika vitone. Malengelenge yaliota yakapasuka. Kila nilipoinua kichwa nilimwona mbali kule anafukia bila kusimama, na nikainama tena. Mfereji ulikuwa mrefu, na ameuchimba vizuri. Tulikutana katikati jua likiwa limeinama sana, akaangalia pande zote mbili kama umefunikwa, akachukua jembe lake akaenda. Hakuniambia nipumzike, na mimi sikuomba.